Nyumba ya miaka ya 1850 Savannah, ngazi mbili chini ya barabara: tusaini?

SWALI

Assalaam aleikum, wenye safu.

Mimi ni muuguzi. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na binti yetu wa miaka miwili na nusu. Nimepata kazi hospitali moja ya Savannah, Georgia, zamu za usiku, na nitaanza wiki ya kwanza ya Agosti.

Tuna nyumba mbili mkononi. Ya kwanza iko mji wa kale, karibu na Chatham Square: jengo la matofali la miaka ya 1850, na sisi tutapewa sehemu ya chini kabisa. Kutoka barabarani unashuka ngazi mbili. Vyumba viwili vya kulala, sakafu ya matofali jikoni, kiuga nyuma, kodi dola 1,900 kwa mwezi. Ya pili ni fleti ya juu katika majengo ya miaka ya 1980 upande wa Southside, kando ya Abercorn Street, dola 1,650, na maegesho yamo.

Moyo wangu uko kwa ile ya kwanza. Nimekulia Mji Mkongwe, Unguja. Kuta nene na harufu ya unyevu havinitishi. Mume wangu anasema nimependa picha tu. Nyumba tumeiona kwa video. Mwenyewe anaishi jimbo jingine, na dalali anasema anasimamia nyumba za watu kadhaa kwa malipo. Anataka kodi ya mwezi wa kwanza dola 1,900 na dipoziti dola 3,800 zitumwe kwa Zelle (njia ya kutuma pesa papo hapo kutoka akaunti ya benki moja hadi nyingine) kabla ya Ijumaa, kisha ndipo atuletee mkataba. Rangi ya madirisha inabanduka. Anasema itapakwa upya kabla hatujafika, na madirisha yenyewe yatabadilishwa baadaye.

Naomba kujua: nitume pesa? Nyumba ya namna hii ina nini cha kutazamwa? Na kukiwa na kasoro, naweza kuipeleka kodi mahakamani mpaka warekebishe, kama sheria ya Ohio inavyoturuhusu?

Mama Nasra, Columbus

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Nasra.

Pesa usitume Ijumaa. Huenda nyumba ni nzuri na dalali ni mkweli, lakini mpangilio wake umegeuzwa miguu juu: sheria ya Georgia inataka upewe kwanza orodha ya maandishi ya uharibifu wote uliomo ndani ya nyumba, uikague nyumba mwenyewe, uisaini au uandike usichokubaliana nacho, ndipo utoe dipoziti. Na Zelle hela ikishatoka, kuirudisha ni kazi ngumu. Tutarudi kwenye pesa. Tuanze na maji, kwa kuwa nyumba hiyo, kwa maelezo yako, ina njia zaidi ya moja ya kuyapokea.

Kulala chini Savannah

Mji ule uliopimwa na James Oglethorpe mwaka 1733 kwa viwanja vyake vya wazi (vilikuwa 24, vimebaki 22) una majumba mengi yenye ngazi ndefu mbele, zinazokupeleka moja kwa moja hadi ghorofa ya sebule. Mitaa ilikuwa ya mchanga na vumbi, kwa hiyo mwenye nyumba aliishi juu. Chini palikuwa pa kazi: jiko, stoo, na katika miaka hiyo ya 1850 mara nyingi watu waliofanywa watumwa ndio waliofanya kazi humo na kulala humo. Hapakujengwa pawe pakavu. Leo sehemu hizo zimepakwa chokaa, zimewekwa taa za kupendeza, na zinakodishwa kama fleti za bustani.

Matofali ya zamani ni laini na yanafyonza maji kutoka ardhini. Chokaa iliyojengewa ilikuwa laini pia, ikiruhusu unyevu utoke. Matatizo huanza pale mtu wa baadaye anapoziba viungo kwa saruji ngumu, akapaka rangi ya plastiki ndani, au akafunika ukuta kwa mbao za jasi. Maji hayaachi kupanda, ila yanakosa pa kutokea. Kwa hiyo mwambie atakayekwenda kukagua atazame mita moja ya chini ya kila ukuta wa nje: rangi iliyofura, unga mweupe wa chumvi, tofali linalochujuka ukiligusa. Ukuta wa jasi uliopakwa rangi jana katika nyumba ya namna hii ni swali, si sifa. Afungue kabati lililojengewa ukutani, aingize kichwa, anuse.

Sasa Mji Mkongwe. Nyumba za kule zinaishi madirisha wazi. Upepo unaingia huku unatoka kule, na ukuta unakaa na joto karibu sawa na la hewa. Nyumba ya Savannah imefungwa na ina kiyoyozi, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Julai na Agosti hewa ya nje hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 22 hadi 24 za Selsiasi hutoka jasho. Wewe umetoka zamu saa mbili asubuhi, umechoka, unateremsha kiyoyozi hadi nyuzi 20 (68 za Marekani) ulale. Sakafu ya matofali na ukuta nyuma ya kabati vinapoa. Mume wako anafungua mlango wa kiuga ili "hewa safi iingie". Hewa hiyo ikikutana na ukuta ule, matone ya maji yanajikusanya juu yake, na baada ya wiki chache viatu vya ngozi vina manyoya ya kijani. Kufungua madirisha, dawa ya unyevu tuliyolelewa nayo pwani, ndiyo inayoumwagilia ukungu.

Mkiamua kuishi chini, mambo ni haya. Nunueni kipima unyevu cha dola kumi na kitu kwa kila chumba; kisomeke kati ya asilimia 45 na 55, na kikikaa juu ya 60 siku nzima hapo pana tatizo. Kiyoyozi kiwe nyuzi 24 au 25 (76 za kwao), na mashine ya kuondoa unyevunyevu hewani, ile inayoandikwa painti 50 kwa siku, yaani karibu lita 24, ifanye kazi kando yake. Iwekwe na mpira wa kumwaga maji kwenye sinki au mfereji, kwa sababu ndoo yake hujaa wakati umelala. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi saa 12 kwa siku hula kilowati-saa 180 kwa mwezi. Kwa senti 15 kila moja ni dola 27. Kabati na kitanda vikae sentimita tano kutoka ukuta wa nje. Zulia la ukuta kwa ukuta juu ya sakafu ya matofali msilikubali hata la bure.

Uliza pia kiyoyozi ni cha ukubwa gani na maji yake yanamwagika wapi. Kikubwa kupita kiasi hupoza chumba kwa dakika chache kikazima kabla hakijakamua unyevu, na mtu anabaki kwenye ubaridi uliolowa. Bomba la maji ya kiyoyozi huota ute wa kijani na kuziba, kisha maji yanarudi ndani. Kikombe cha siki kwenye bomba hilo kila mwezi wa kiangazi hutosha. Mkataba useme nani anafanya hivyo na nani anabadilisha kichujio.

Maji machafu

Hili mawakala hawalisemi, na kwa fleti ya chini ndilo baya kuliko yote. Majumba yale yalitolewa maji taka kwa mabomba ya udongo au chuma cha kusubu, vipande kwa vipande, na mizizi ya mialoni mikubwa ya viwanjani huingia kwenye viungo. Bomba kuu likiziba, maji ya ghorofa zote hutafuta tundu lililo chini kuliko yote katika jengo. Tundu hilo ni la bafu lenu.

Kipimo chake ni rahisi. Siku ya ukaguzi mwombe dalali awaombe wapangaji wa juu wavute maji vyooni na kufungua mabafu kwa wakati mmoja, kwa dakika tano hivi, huku mtu wenu amesimama juu ya tundu la bafu la chini. Maji yakilia glu-glu au yakipanda, bomba limebanwa. Kisha uliza mambo mawili: lini bomba kuu lilipigwa picha kwa kamera, na kama kuna vali ya kuzuia maji taka kurudi. Jibu zuri lina tarehe na risiti. "Hatujawahi kuwa na shida" si jibu.

Mvua

Kitovu cha mji wa kale kiko juu ya ukingo wenye urefu wa karibu mita 12 kutoka mtoni, kwa hiyo mto wenyewe si adui wa kwanza pale Chatham Square. Adui ni mvua ya saa mbili mfululizo, mifereji ikiwa imeziba kwa majani, na ngazi mbili zinazoshuka kwenu. Chini ya ngazi hizo panatakiwa pawe na mfereji wa sakafuni. Mtu amwagie ndoo mbili za maji atazame yanakoenda na kwa kasi gani. Kizingiti cha mlango kiwe juu ya sakafu ya nje. Alama ya maji kwenye fremu ya mlango haijifichi hata ikipakwa rangi, kwa sababu mbao huvimba.

Sheria ya Georgia inamlazimu mwenye nyumba kukuambia kwa maandishi, kabla hujasaini, ikiwa sehemu ya kuishi imefurika mara tatu au zaidi ndani ya miaka mitano iliyopita. Ona mwanya: ikifurika mara mbili, anaweza kunyamaza. Kwa hiyo wewe usiulize swali la sheria. Uliza: "Maji yameingia ndani mara ngapi tangu mwaka 2016, na kila mara yalitoka wapi?" Mwaka huo Kimbunga Matthew kilipita Oktoba, Irma akafuata Septemba 2017, na mwaka 2024 kulikuwa na mvua za Debby mwezi Agosti na upepo wa Helene mwishoni mwa Septemba. Mtu anayeijua nyumba yake atakumbuka angalau mojawapo.

Bima ya mpangaji ya kawaida hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko huruhusu mpangaji kukatia vitu vyake hadi dola 100,000, lakini kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Mkiingia mwanzoni mwa Agosti, inunuliwe mwanzoni mwa Julai, kwani msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Na hapa zile ngazi mbili zina bei: sakafu ikiwa chini ya ardhi pande zote nne, bima hiyo huihesabu kama handaki, na vitu vingi vya ndani havilipwi. Ikiwa upande wa kiuga sakafu iko sawa na ardhi, habari ni nyingine. Dalali apige picha mlango wa nyuma akiwa nje, ardhi ikionekana, na picha hiyo mtumie wakala wa bima kabla ya kusaini chochote.

Jambo jingine, kwa kuwa wewe ni muuguzi: uliza hospitali, kabla hujaripoti kazini, kama utawekwa kwenye kikosi kinachobaki wakati wa kimbunga. Ukibaki, baba Nasra atahama na mtoto bila wewe, pengine kwenye barabara ya I-16 iliyogeuzwa pande zote kuelekea magharibi. Wilaya ya Chatham, ambamo Savannah imo, imegawanywa kanda A, B na C za kuhamishwa. Ijueni yenu sasa. Na amri ya kuhama haisimamishi kodi.

Rangi inayobanduka

Mume wako alipoona video alipaswa kuogopa hapa kuliko penginepo. Nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 ichukuliwe kuwa ina risasi (metali yenye sumu, kwa Kiingereza "lead") kwenye rangi mpaka ipimwe, na ya 1850 ina tabaka juu ya tabaka. Hatari kwa Nasra si kula ukuta. Madirisha ya zamani ya kupandisha na kushusha husugua mbao kwa mbao. Kila ukifungua, vumbi laini huanguka kwenye kizingiti, kwa urefu wa mkono wa mtoto wa miaka miwili na nusu, na mkono huo huenda mdomoni.

Ahadi ya "itapakwa upya" inategemea itapakwaje. Fundi akikwangua kavu au akipitisha mashine ya msasa, ataacha nyumba yenye rangi nzuri na vumbi la risasi katika kila ufa wa sakafu, siku tatu kabla hamjaingia. Kanuni ya shirikisho inataka kazi inayogusa zaidi ya futi sita za mraba za rangi ya zamani ndani ya chumba kimoja, au ubadilishaji wa dirisha lolote lenye rangi hiyo, ifanywe na kampuni yenye cheti cha EPA, shirika la mazingira la Marekani: kufunika kwa plastiki, kulowesha, kusafisha kwa kifyonza vumbi maalumu. Omba nakala ya cheti. Baada ya kazi, omba kipimo cha vumbi cha kufuta kwa kitambaa kutoka kizingiti na sakafu ya chumba cha mtoto, kisomwe na maabara. Akikataa kulipa, lipeni wenyewe. Ni pesa ndogo kwa jambo hili.

Kisheria, kabla ya kusaini, lazima mpewe fomu ya kueleza risasi inayojulikana pamoja na kijitabu cha serikali. Soma fomu kwa makini: kisanduku cha "sina taarifa" maana yake ni kwamba hakuna aliyepima. Sheria haimlazimishi kupima. Mpimeni Nasra damu kwa daktari wake Columbus kabla ya kuhama, na tena miezi miwili au mitatu baada ya kuingia, mpate cha kulinganisha. Vizingiti vifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kila wiki, visifagiliwe vikavu. Bomba la maji nalo liulizwe: tangu Oktoba 2024 watoa maji nchini Marekani wanatakiwa kuwa na orodha ya bomba linaloingia kila nyumba limetengenezwa kwa nini, basi ipigie simu idara ya maji ya jiji na anwani mkononi.

Ahadi ya kubadilisha madirisha "baadaye" iweke kando kabisa. Katika mji wa kale mabadiliko ya nje ya jengo yanahitaji kibali cha jiji, na dirisha la mbao linaloonekana barabarani haling'olewi kwa kutaka tu. Usipunguziwe kodi kwa ahadi hiyo, wala usiongezwe.

Mengine, kwa haraka

Umeme: kila fleti iwe na mita yake. Jengo lililogawanywa wakati mwingine lina taa za ngazi au mashine ya kufulia ya jirani kwenye mita ya mtu wa chini. Soketi za matundu mawili hazina waya wa ardhini. Mashine ya kuondoa unyevu isichomekwe hapo wala kwenye ekstensheni.

Wadudu wapo na watakuwapo. Mende wakubwa wekundu hutoka kwenye mifereji, si dalili ya uchafu. Usubi huuma masika na vuli. Wa kuogopwa ni kumbikumbi: jioni za joto za Mei wakiruka ndani kwa wingi na kuacha mbawa kwenye vizingiti, weka wachache kwenye mfuko, piga picha, mwandikie msimamizi usiku huohuo. Uliza sasa kama jengo lina mkataba wa kila mwaka wa kudhibiti mchwa.

Gari: barabara husafishwa kwa ratiba iliyoandikwa kwenye vibao, upande mmoja siku hii, upande wa pili siku nyingine, na tiketi haimjali mtu aliyelala baada ya zamu. Muulize dalali siku za mtaa ule hasa, na kama nyuma, kwenye kichochoro, kuna nafasi yenu. Machi 17, siku ya Mtakatifu Patrick, gwaride hufunga mitaa ya mji wa kale. Ombeni zamu mapema. Na wewe utalala mchana katika chumba ambacho dirisha lake liko kwenye usawa wa magoti ya wapita njia, wakati mabasi ya watalii yanapita na maikrofoni. Southside nako pasikusahaulishe helikopta za Hunter Army Airfield, uwanja wa ndege wa jeshi. Kwa nyumba zote mbili, mtu akasimame nje saa nne asubuhi asikilize.

Pesa, mkataba, na ile ya Ohio

Kwanza jibu la swali lako la tatu: hapana. Ohio mpangaji asiyedaiwa anaweza kutoa notisi ya maandishi, kisha kodi akaiweka kwa karani wa mahakama. Georgia haina utaratibu huo. Ukizuia kodi Savannah, umeacha kulipa tu, na mwenye nyumba anaweza kukupa notisi ya siku tatu za kazi kisha kufungua shauri la kukutoa. Ukipelekewa hati za mahakama una siku saba za kujibu. Njia ya Georgia ni nyingine: andika kasoro kwa barua pepe na picha, toa muda wa kuridhisha, na wasipotengeneza, unaweza kuita fundi mwenye leseni, ulipe gharama ya haki, ukate kwenye kodi inayofuata ukiambatanisha risiti. Fanya hivyo kwa matengenezo ya kawaida. Kwa bomba kuu la maji taka au ukuta unaovuja, zungumza kwanza na Georgia Legal Services Program, ambao wana ofisi Savannah.

Dipoziti ya dola 3,800 ni miezi miwili ya kodi kamili, na huo ndio ukomo uliowekwa tangu Julai 1, 2024. Hakuvunja sheria, amefika ukutani tu. Mwambie mwezi mmoja, aone. Mwenye nyumba mtu binafsi mwenye nyumba kumi au chini anayejisimamia mwenyewe husamehewa sehemu kubwa ya kanuni za dipoziti, lakini msamaha huo hauhusu nyumba inayosimamiwa na mtu mwingine kwa malipo, kama hii. Kwa hiyo mna haki zote: orodha ya uharibifu kabla ya kulipa, dipoziti kwenye akaunti maalumu na mjulishwe kwa maandishi iko benki gani (au iwe imedhaminiwa kwa bondi), na irejeshwe ndani ya siku 30 baada ya kuondoka. Orodha hiyo muijaze nyinyi kwa wivu. Kila doa la ukungu, kila fremu iliyovimba. Kisichoandikwa siku ya kuingia kinaweza kuwa deni lenu siku ya kutoka.

Uhakiki wa dalali ni kazi ya nusu saa. Tafuta anwani kwenye rekodi za bure za wakadiriaji wa mali wa Wilaya ya Chatham, uone jina la mmiliki. Kisha angalia leseni ya dalali kwa Georgia Real Estate Commission, maana anayesimamia nyumba za wengine kwa malipo kwa kawaida anatakiwa kuwa nayo. Jina la mmiliki kwenye rekodi na kwenye mkataba yafanane.

Kifungu kimoja kipiganie kuliko vyote: namna ya kuvunja mkataba. Georgia, ukiondoka kabla ya muda, mwenye nyumba kwa kawaida hana wajibu wa kutafuta mpangaji mwingine ili kukupunguzia deni. Anaweza kukudai miezi iliyobaki. Omba kiandikwe kuwa mnaweza kutoka kwa notisi ya siku 60 na faini ya mwezi mmoja, na bila faini ikiwa kipimo cha vumbi la risasi kitazidi kiwango au maji taka yatapanda ndani.

Tungefanya nini sisi? Kwa mtoto wa umri ule na usingizi wa mchana, tungekodi Southside, kwa miezi sita au saba wakikubali, kisha mkiwa palepale Savannah mtafute ghorofa ya sebule au ya juu katika mji wa kale, mkiifikia kwa miguu yenu na pua zenu. Uzuri huohuo wa dari ndefu na madirisha marefu upo juu, bila bafu la maji taka ya majirani. Risasi itabaki kuwa swali, ila Nasra atakuwa amekaribia miaka mitatu na nusu na nyinyi mtakuwa na muda wa kupima. Hiyo fleti ya Southside pia muikague: kabati lenye mashine ya kiyoyozi, dari chini ya bafu, na maegesho baada ya mvua.

Ikiwa moyo bado uko Chatham Square, mwandikie dalali leo, kwa adabu na kwa ufupi: tunaipenda nyumba, tunaomba rasimu ya mkataba, orodha ya uharibifu, fomu ya risasi, maelezo ya mafuriko na tarehe ya kamera ya bomba kuu, mtu wetu atakuja kukagua Jumamosi, tukikubaliana tutalipa kwa hundi ya benki yenye jina la kampuni yako ya usimamizi, siku ya kusaini. Akikujibu kuwa kuna mtu mwingine anayesubiri, mwache huyo mwingine aichukue.